Chupa Mbili za Bwana Harusi wa Nshamba

Wasikilizaji wa Muleba, Bukoba na visiwani, leo naacha bei ya kahawa na ubovu wa barabara, nazungumzia manukato. Najua wapo watakaosema mzungumzaji wenu ameishiwa. Vuteni subira.

Kijana mmoja wa Nshamba ameniandikia. Anaoa Desemba. Kaka yake aliyeko Ulaya amemtumia chupa mbili za manukato ya kiume, na zote, kwa maneno yake, zinanukia viungo na mbao. Anataka kujua avae ipi kanisani, ipi ukumbini, na baada ya harusi ayafanyie nini yatakayobaki. Anaongeza kwamba shangazi zake wamekwisha kukata shauri: apulize zote mbili kwa pamoja, kaka asije akasikia zawadi yake moja imewekwa kando.

Shangazi zangu, nawaheshimu, lakini hilo hapana. Nitawaeleza sababu.

Chupa zenyewe amezitaja. Moja ni Terre d'Hermès, ya mwaka 2006, iliyotungwa na Jean-Claude Ellena. Nyingine ni Égoïste ya Chanel, ya mwaka 1990, kazi ya Jacques Polge. Zote za Ufaransa. Sikulipwa na mtu kuzitaja, na wengi wetu bei zake tutazisikia tu redioni. Nazitaja kwa kuwa kila moja ina upande wake katika ukoo huu wa viungo na mbao, na hata manukato ya Dubai yanayouzwa madukani Muleba na Bukoba mjini, ukiyanusa kwa utulivu, mengi utayaweka upande huu au ule.

Terre d'Hermès inafungua kwa chungwa na balungi. Muda si mrefu matunda yanaaga, inaingia pilipili manga. Pilipili hiyo haiwashi. Kinachowasha ulimi ni piperini, nayo ni nzito, haipandi na mvuke pale mafuta yanapokamuliwa. Kinachopanda ni harufu peke yake, kavu na kali kidogo. Chini ya pilipili kuna mwerezi, jina tunalolisoma kwenye Biblia. Anayetaka kuujua bila kwenda Lebanoni achonge penseli nzuri ya zamani, anuse maganda yake. Penseli hizo zilitengenezwa kwa miti ya jamii ya mtarakwa, na mitarakwa ya Kenya na ya kaskazini mwa Tanzania ilikatwa sana kwa kazi hiyo. Harufu yake na ya mwerezi hazipishani mbali. Kisha ipo vetiva, ambayo ni mizizi ya nyasi. Inanukia udongo na majani makavu. Aliyewahi kuinama akaingia kwenye msonge, sakafu imetandikwa nyasi mpya kutoka rweya, uwanda wetu wa nyasi, ana pa kuanzia.

Niseme pia kwamba sehemu kubwa ya mbao unazozisikia kwenye chupa za siku hizi hazikupita kwenye msumeno. Zimetoka maabara. Ipo kemikali iitwayo Iso E Super, iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1970, na waliochambua Terre d'Hermès wameikuta humo kwa wingi. Ina tabia moja ya kuudhi: baadhi ya watu hawaisikii kabisa. Wanapuliza, wananusa, hawaoni kitu, wanapuliza tena, na jirani yao anazidi kusogea.

Égoïste haina haraka ya namna ile. Inaanza na mdalasini, inafuata karnesheni, ua lenye eujenoli ndani yake, na eujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Kwa hiyo pua ya Mswahili itasema hii ni karafuu, nayo haitakuwa imekosea sana. Kuna waridi. Kisha sandali, laini na tamu, ile ambayo watu wa Pwani wanaisaga wakapata liwa ya kujipaka. Na mwisho kabisa vanila.

Kwenye vanila hatuhitaji kuelezwa na Mfaransa. Vanila iko vibanjani mwetu, imejiviringisha kwenye miti pembeni ya migomba. Mwenye nayo anajua kwamba ua linafunguka asubuhi moja tu, na asipolichavusha kwa mkono asubuhi hiyo limepotea. Anajua pia kwamba ganda bichi halinukii. Lazima litumbukizwe kwenye maji ya moto, lifungwe kwenye mablanketi litoke jasho, lianikwe na kufunikwa, lianikwe na kufunikwa, wiki kwa wiki, mpaka lilegee na kuwa jeusi. Ndipo harufu inakuja, na ikishakuja haiondoki upesi. Hata kwenye chupa vanila ndivyo ilivyo: ya mwisho kufika, ya mwisho kuondoka.

Hapo ndipo penye jawabu langu kwa shangazi. Manukato hayatoki yote kwa mkupuo mmoja. Vitu vyepesi, matunda hasa, hupaa kwanza, viungo hufuata, mbao, sandali na vanila hubaki kwenye ngozi na nguo saa nyingi. Ukichanganya chupa hizi mbili shingoni, mdalasini na vanila zitaikalia pilipili na mwerezi kabla misa haijaanza. Kaka atakuwa ametuma zawadi mbili, watu wamesikia moja, tena imevurugika.

Sasa tuchague. Ukisoma ushauri wa Wazungu utaambiwa ile kavu ni ya kiangazi na ile nzito ni ya majira ya baridi. Ukimuuliza muuza manukato wa Kariakoo atakuambia mchana usiguse vitu vya mdalasini na udi, jua litakuumbua, na kwa Dar es Salaam ana haki, kwa sababu joto huyapandisha manukato yote kwa pamoja yakawa kero. Ila sisi hatukai Kariakoo. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko mita 1,134 juu ya bahari, na Nshamba iko juu zaidi, kwenye vilima vya Ihangiro, mahali ambapo jioni mtu anatafuta sweta na mvua haimshangazi mtu. Katika ubaridi huu Égoïste inatulia, inatoka polepole, hata saa sita mchana. Terre d'Hermès ndiyo inayopata tabu: lile chungwa lake la mwanzo linazubaa, na usipokuwa na mwili wa joto unabaki na mwerezi peke yake.

Kwa hali ya hewa yetu, basi, chupa zote mbili zinaruhusiwa saa yoyote. Dar unaliuliza jua. Nshamba unamuuliza aliyekaa karibu nawe, na karibu yetu mnaijua.

Chukua mchomoko unaopanda kutoka Muleba. Gari la watu watano wamo wanane, mvua inanyesha, vioo vimepandishwa juu. Kuna mama mjamzito, kuna mtoto mwenye pumu. Mtu aliyejipulizia mdalasini na vanila mara sita anaingia, anafunga mlango. Hakuna wa kumshusha, maana nauli kalipa, lakini wote mle ndani wamelazimishwa kuhudhuria harusi wasiyoalikwa. Nimeona abiria wakishusha kioo na kuchagua mvua. Kwa safari hiyo, ukishindwa kabisa kwenda mtupu, vaa ile ya pilipili na mwerezi, kidogo, chini ya shati. Harufu kavu haimrukii mtu. Anayeisikia ni yule uliyempa mkono.

Darasani na ofisini ni hivyo hivyo. Wodini afadhali ukose kabisa. Anayefanya kazi Rubya au Ndolage nadhani ameshaambiwa.

Kanisani pana mambo yake. Kwenye misa kubwa kuna ubani, na ubani hautaki mwenzake. Ni utomvu, una ulimau kidogo na moshi, na ukikutana na mdalasini, waridi na vanila kutoka mabega ya watu mia mbili, kinachotokea hakina jina. Ukikutana na mwerezi na pilipili manga, vinaelewana. Hata kwenye manukato yenyewe watunzi huviweka pamoja. Kwa ajili hiyo, bwana harusi, asubuhi ni Terre d'Hermès: mara moja kifuani, mara moja nyuma ya shingo, uache. Padri atakusogelea, wazazi watakukumbatia, na bibi harusi atasimama ubavuni pako muda mrefu naye ana yake aliyovaa. Mpeni nafasi. Ni siku yake kuliko yako, hata kama kamati ya harusi haijakuambia.

Ndugu zetu Waislamu wa Nshamba wana utaratibu wao, na kwao mwanamume kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna. Wengi hupendelea mafuta yasiyo na spiriti. Nanyi uchaguzi ni ule ule, kwa sababu mafuta ya udi na sandali yanatofautiana uzito kama zilivyo chupa hizi, na safu ya msikitini ni bega kwa bega.

Nikitaja udi, acha niwasifu watu wa Pwani, hata kama leo si zamu yao. Wao hili la harufu na hafla walishalipanga zamani. Asumini ni ya jioni ya kawaida, ya kichwani na kwenye mto wa kulalia. Udi unawekwa kwenye chetezo, nguo zinafukizwa, na nguo zilizofukizwa hivyo ni za harusi, za Idi, za mume kurudi safari. Karafumaiti ni ya kuoshea na kuvika maiti, na hakuna Mzanzibari atakayethubutu kuja nayo kwenye ngoma. Mtoto anakua akijua kwa pua tu nyumba ile kuna nini leo. Kwetu mpangilio wa namna hiyo ulikaa zaidi kwenye vyakula na vinywaji, kwenye kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni, kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi. Manukato ya chupa yametufikia bila maelekezo, na ndiyo maana kijana wa watu anaandikia redio.

Turudi ukumbini, jioni. Hapa mambo yanageuka. Hapa kuna nyama choma, kuna ndizi zinazofuka mvuke, kuna lubisi, kuna spika za muziki, kuna jasho la wanaocheza. Na Desemba yenyewe ni mwezi wa senene. Senene waliokaangwa wanashinda manukato yoyote ya Paris, nao wana haki. Katika mazingira hayo Terre d'Hermès haitasikika. Itakuwa umeivalia kola yako. Égoïste inasimama. Mdalasini na karafuu ni harufu za chakula tayari, zinakaa vizuri karibu na pilau, na sandali pamoja na vanila vitakuwa bado viko kwenye koti MC atakapokuwa anatafuta watu wa kufunga sherehe. Watu wanataka wamsikie bwana harusi anapopita meza kwa meza. Siku hiyo moja ana ruhusa.

Ila kati ya kanisa na ukumbi abadilishe shati. Mwerezi na vetiva vinang'ang'ania kitambaa. Akipuliza ya pili juu ya kola ile ile atakuwa ametii ushauri wa shangazi kwa mlango wa nyuma. Anawe shingo kwa sabuni isiyo na harufu kali, avae shati jingine, ndipo apulize. Asipulize kwenye shati jeupe lenyewe, maana manukato mengine huacha doa la njano, na picha zitakaa ukutani miaka mingi.

Desemba, najua, wenzetu wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na nje ya nchi, na kila mmoja anarudi na chupa yake. Sitaki kutaja habari za nshomile, wale wasomi wa majivuno, hapa. Lakini nyumba moja ya Krismasi inaweza kuwa na manukato kumi yanayoshindana sebuleni, na babu kakaa katikati anapiga chafya. Kama umetoka mbali na chupa nzito, iweke kwa usiku wa sherehe.

Na msibani? Sioni haja ya kueleza sana. Tunakaa chini karibu karibu, tunalala humo, wafiwa hawajala. Nenda umeoga. Basi.

Sasa kuna jambo la namna ya kujaribu, kwa anayekwenda dukani na hana kaka Ulaya. Usinunue kwa kunusa kizibo. Kizibo kinakupa mwanzo tu, na mwanzo ndio watengenezaji waliouwekea nguvu ili ununue. Paka kwenye mkono, nenda sokoni, nunua maharage, zunguka, rudi baada ya saa moja unuse tena. Kilichobaki hapo ndicho utakachoishi nacho. Madukani Dubai na hata Nairobi wanakuwekea kikombe cha buni ya kahawa, eti unuse kusafisha pua kabla ya chupa inayofuata. Watafiti wa Marekani waliipima buni hiyo mwaka 2011, wakakuta haifanyi kazi kuliko hewa ya kawaida. Toka nje, vuta pumzi. Kahawa tuwaachie wageni.

Pua yako pia itakudanganya kwa njia nyingine. Baada ya muda mfupi inaizoea harufu yako, inaacha kukupa taarifa. Unadhani imeisha. Haijaisha. Muulize mtu wa nyumbani mwenye ulimi mkali, kila familia ya Kihaya inaye.

Chupa ya bei ndogo siidharau, lakini tazama maandishi: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko kwa Shirika la Viwango, TBS, na chupa isiyo na maelezo yoyote waachie wenyewe. Wengine mnataka njia ya mkato, mnapata mafuta ya karafuu. Pemba wanayo, shirika la ZSTC lina kiwanda pale Wawi kinachokamua majani na makonyo ya mkarafuu pamoja na mdalasini. Ni mafuta mazuri kwa kazi yake. Yasipakwe matupu kwenye ngozi. Eujenoli inaunguza, na mafuta ya mdalasini ni mabaya zaidi. Utakwenda harusini na shingo nyekundu. Na akija mtu kijijini kwako anatafuta kununua msandali wa porini, mizizi na shina, mfikirie mara mbili. Mti huo hung'olewa mzima kwa sababu mafuta yako mpaka mizizini, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa kutoka nchi za Afrika Mashariki imewekwa chini ya mkataba wa CITES. Harufu ya harusi isimpeleke mtu mahakamani.

Kijana wangu aliuliza pia ayafanyie nini yatakayobaki. Ayaweke kabatini, gizani, ndani ya maboksi yake. Dirishani jua litayageuza, na bafuni mvuke utayachosha. Terre d'Hermès iwe ya Jumapili na ya vikao. Égoïste aitunzie sherehe za wenzake na jioni ambazo yeye na mkewe wako peke yao. Na mkewe akitaka kuivaa, aivae, neno kiume kwenye boksi ni la wauzaji.

Lakini kwenye ujumbe wake kuna sentensi nimeiacha mpaka sasa. Anafanya kazi kwenye chama cha msingi, anapokea kahawa za wakulima. Kahawa kavu hunyonya harufu ya kilicho karibu nayo, na waonjaji wa kahawa, hao wanaokoroga vikombe na kuvuta kwa sauti, hawavai manukato kazini. Mzigo wenye ukungu anayepaswa kuushtukia wa kwanza ni yeye, pale mlangoni pa ghala, kabla haujachanganywa na wa jirani. Kwa hiyo msimu ukifunguliwa Mei, siku za kupokea kahawa chupa zote mbili zibaki kabatini mpaka mizani ifungwe. Hilo halihusu harusi, na kaka yake hawezi kulalamika.